RAV4 ya okazioni: kontrole tekniki inaikamataka wapi?

Tukifungua simu kwenye kipindi cha asubuyi, haipiti wiki bila msikilizaji kuuliza hili: "Nimechanga makuta tangu miaka ine, sasa nataka RAV4 ya okazioni. Iko nguvu? Itanifikisha?" Na kabla mwenye kuongoza kipindi hajajibu, mwingine anapiga simu na kusema: Toyota ni Toyota, lipa tu.

Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno kwa mtu mwenye anaenda kutoa maelfu ya dola mara moja, feza za shamba, za likelemba, za biashara ya mama. RAV4 tunaziona kila fasi: Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira, Kalemie. Zimefanya kazi, na hakuna wa kuzikatalia. Lakini kusema "iko nguvu" hakutuambii ni kipande gani kinakufaka cha kwanza, wala ni kipi kinaweza kukuua wewe na watoto kwenye mushuko wa Ngomo, pale unapotoka Nya-Ngezi kwenda Kamanyola.

Kuna watu wenye wanajua, na wameandika. Ni wakaguzi wa kontrole tekniki wa inchi ambamo gari inapita mbele ya mashine kila mwaka. Mkaguzi hauzi gari, hanunui gari, wala hana shida na jina la Toyota. Anaangalia, anapima, anaandika alichokuta. Ukikusanya karatasi zake za miaka mingi, unaanza kuona tabia ya gari.

Kwetu, tuseme ukweli, kontrole tekniki kwa wengi ni karatasi ya kuonyesha polisi ya rulaji kwenye bariere, pamoja na asiransi na vinyeti. Kanuni ya barabara ya Congo, ile sheria ya tarehe 30 Agosti 1978, ingali inatumika, na inadai gari inayotembea iwe na hali nzuri. Lakini shofere wengi wamepata ile karatasi bila gari kunyanyuliwa hata na kriki. Ng'ambo ya mpaka, kule Rwanda, polisi njo inaendesha vituo vya ukaguzi, na cha Remera pale Kigali ndicho kinajulikana zaidi; freni na taa zinapimwa na mashine. Kwa makala hii tumechagua mfano wa mbali kidogo, Uingereza. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, volani yao iko kuume kama RAV4 nyingi zenye zinatufikia. Ya pili, RAV4 inauzwa kule tangu 1994, mwaka ilipotoka, na matokeo ya kila ukaguzi yanawekwa wazi kwa kila mtu.

Ukaguzi wa Uingereza unaitwa MOT. Gari mpya inaachwa miaka 3, kisha kila mwaka inarudi, mpaka siku itakapovunjwa. Mkaguzi haruhusiwi kufungua kipande chochote. Anatumia macho, mikono, taa, chuma kirefu cha kusukumia vipande, na mashine ya kupima freni. Tangu Mei 2018 kila kosa linapewa daraja: la hatari, kubwa, ama dogo. Kosa la hatari ama kubwa linaangusha gari. Dogo linaandikwa tu, mwenye gari aende kutengeneza. Tena kuna maonyo: kipande bado kinafaa, lakini kimeanza kuchoka.

Kwa jumla, karibu gari 3 kati ya 10 zinaanguka mara ya kwanza kule. Tunazungumza Uingereza, yenye barabara za lami kila fasi. Mwenye anafikiri gari yake haina kosa kwa sababu inawaka asubuyi, akumbuke hiyo namba.

RAV4 inasimama wapi? Toyota kwa jumla zinapita vizuri kuliko wastani, na RAV4 ni mmoja wao. Hapo wauzaji wetu wana haki. Ila kuna mtego katika kusoma hizo namba. Gari ya miaka 4 huwezi kuilinganisha na ya miaka 18. RAV4 ya 2003 inaanguka sana kuliko ndogo yake ya 2012, na si kwa sababu ilitengenezwa vibaya, imezeeka. Na tena, gari ya mzee aliyestaafu, yenye inaenda sokoni na kanisani tu, si sawa na gari ya aina ileile yenye ilibeba watu miaka 10. Namba za ukaguzi zinaeleza gari pamoja na mwenyewe. RAV4 nyingi za kule zilikuwa mikononi mwa watu wanaopeleka gari garaje kabla ya ukaguzi. Ukinunua, unanunua chuma; ile desturi ya mwenyewe wa kwanza inabaki kule.

Kwa hiyo swali la maana kuliko "inapita ama haipiti" ni hili: ikianguka, inaangushwa na nini?

Mafare, kosa lenye tunalidharau

Kwa gari zote za Uingereza, taa ni kati ya vitu vinavyoangusha sana. Balbu imekufa, taa ya freni haiwaki, fare inatazama juu mno. Kwenye RAV4 ya kizazi cha pili, ya 2000 hadi 2005, na ya kizazi cha tatu iliyofuata, shida yenye inaonekana ni kioo cha fare, ambacho ni plastiki: jua linakigeuza manjano, kinakuwa kama maziwa, na mwanga unabakia ndani. Kusugua kunasaidia kwa miezi fulani, kisha umanjano unarudi.

Hilo ni jambo dogo. Kubwa kwetu ni lingine, na mkaguzi wa Uingereza hawezi kuliona kwa sababu kwake si kosa.

Fare ya gari haimuliki sawa pande zote mbili. Taa fupi imetengenezwa ili mwanga upande kidogo kwenye ukingo wa barabara, umulike watu wanaotembea kwa miguu na mifereji, na ubaki chini upande ambao gari nyingine zinatokea. Japani na Uingereza wanatembea kushoto, basi fare zao zinapandisha mwanga kushoto. Sisi tunatembea kuume. Gari yenye inatoka mbele yako iko kushoto kwako. Maana yake, RAV4 iliyotoka Japani, hata kama ni mpya kabisa na fare ni nzima, taa yake fupi inamulika macho ya shofere mwenzako, na ule ukingo wa kuume, mahali mama anatembea na mzigo wa makala mgongoni, unabaki gizani.

Fikiria hiyo kati ya Sake na Minova saa moja ya usiku. Shofere analalamika kwamba mwenzake hashushi taa, na mwenzake ameshusha kweli. Katika inchi zinazotembea kuume na kukagua kwa mashine, gari ya namna hiyo inaanguka palepale mpaka fare zibadilishwe.

Wengine wanainamisha fare chini kabisa. Inapunguza kumulika wenzako, lakini wewe mwenyewe unaona mita chache tu mbele. Dawa ya kweli ni kuweka mafare ya gari ya volani ya kushoto. Hapa RAV4 ina faida kubwa kuliko Noah: RAV4 iliuzwa Ulaya, Marekani na inchi za Ghuba ikiwa na volani ya kushoto, kwa hiyo mafare ya kutembea kuume yapo kwenye soko la vipande, wakati Noah ilitengenezwa kwanza kwa soko la Japani. Ukiagiza, sema wazi unataka fare za kutembea kuume. Ukisema "fare ya RAV4" tu, utaletewa zilezile. Na usidanganywe na balbu nyeupe kali. Uingereza, fare ya halojeni iliyowekwa balbu ya zenoni inaanguka, kwa sababu kioo chake hakikutengenezwa kwa ule mwanga, na mwanga unatawanyika ovyo.

Chini ya gari: rotile, silenbloki na mikono ya nyuma

Sehemu ya pili yenye inaangusha RAV4 za kuzeeka ni sispansioni. Mafundi wetu wanajua hii bila kwenda Uingereza: "Ile gari inakulaka vipande vya mbele." Vya kwanza kuchoka ni vile vijiti vifupi vinavyoshika chuma cha kuzuia gari isilale kwenye kona. Vinapiga kelele ndogo, kok-kok-kok, ukipita kwenye mashimo taratibu. Havitakuua kesho. Kisha zinafuata silenbloki za mikono ya chini, zile raba zilizofungwa ndani ya chuma: zinapasuka, gari inaanza kuvuta upande ukikanyaga freni, na mapine yanaisha upande mmoja. Kisha rotile. Hiyo ndiyo ya kuogopa. Rotile ikitoka ndani ya kikombe chake, gurudumu linalala, na volani haina kazi tena.

Mkaguzi anaitambua namna gani? Ananyanyua gari gurudumu likining'inia, anashika juu na chini, anatikisa. Kisha anaingiza chuma kirefu na kusukuma. Kazi ya dakika tano. Garaje yoyote yenye kriki nzuri na gogo la kushikilia gari inaweza kuifanya, mashine si lazima. Kwenye mawe ya volkano ya Goma ama kwenye udongo wa Masisi, RAV4 inafaa kutikiswa hivyo zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wale wa Uingereza wanapita kwenye lami.

Nyuma, kizazi cha tatu kina hadithi yake. Agosti 2012 Toyota iliita zirudi garaje gari karibu 778,000 kule Marekani, nyingi zikiwa RAV4 za 2006 hadi 2011. Sababu ilikuwa mikono ya sispansioni ya nyuma. Mule kuna natu ya kurekebisha mapine yasimame sawa. Fundi akirekebisha na kusahau kuikaza vizuri, chuma kinacheza, maji na kutu vinaingia, mwishowe mkono unaweza kukatika gari ikitembea. Unaona namna kosa linazaliwa: gari ilitoka nzima kiwandani, fundi akafanya paralelisimu, akaharakisha. Ukinunua RAV4 ya miaka hiyo, fundi atazame zile natu za nyuma kwa macho yake, na kila mara mkimaliza paralelisimu mwambie azikaze mbele yako. Atakasirika kidogo. Aache akasirike.

Kutu ni jambo la pili huko chini. Kwetu Kivu hatumwagi chumvi barabarani, kwa hiyo gari zinaoza polepole. Lakini Uingereza wanamwaga chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na kaskazini ya Japani, kama Hokkaido, vilevile. Gari inaweza kufika kwako imepakwa rangi nyeusi mpya chini, inang'aa kama kiatu cha arusi. Hiyo rangi ndiyo ingekufanya uulize. MOT inaangusha gari ikiwa kutu imedhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali sispansioni, freni, volani ama mikanda ya kiti inashikilia. Chukua bisibisi, gonga. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza, na wakati mwingine bisibisi inaingia.

Freni

Hapa RAV4 haina dhambi ya pekee, ila uzee wa kawaida. Plaketi na disiki zinaisha. Zile pini zenye kaliperi inatembelea zinakauka mafuta, kaliperi inakwama, gurudumu moja linafanya kazi na lingine linatazama tu. Mashine ya ukaguzi inaliona hilo mara moja, kwa sababu inapima kila gurudumu peke yake. Kwa gari iliyoanza kutembea kabla ya Septemba 2010, Uingereza inadai nguvu ya freni ya mguu ifikie asilimia 50 ya uzito wa gari, zilizofuata, 58. Freni ya mkono: asilimia 16. Tofauti ikizidi asilimia 30 kati ya gurudumu la kushoto na la kuume kwenye mstari mmoja, umeanguka.

Freni ya mkono inaangusha gari nyingi kwa sababu ya kuchekesha: haitumiwi. Kwenye RAV4 yenye disiki nyuma, freni ya mkono ni tambure ndogo iliyofichwa ndani ya disiki. Mwenye gari anaacha gari kwenye gia, vitu mule ndani vinashikana na kutu. Kwetu sisi tuna lile jiwe nyuma ya gurudumu. Kila garaje ya Bukavu ina jiwe lake, na Bukavu ni mji wa milima tupu! Jiwe linashika vizuri, kweli, mpaka siku mtoto aliondoe.

Kitu chenye tunakisahau ni maji ya freni. Yanavuta unyevu wa hewa polepole hata gari ikiwa imelala, njo maana mafundi wanashauri kuyabadilisha kila miaka 2. Kwenye mushuko mrefu freni zinapata moto, maji yaliyoingia mule yanachemka, yanatoa hewa, na mguu unazama mpaka chini bila gari kusimama. Kwenye Ngomo, ama ukishuka kwenda Uvira na mzigo, hiyo si hadithi ya kitabu. Shuka na gia ndogo, motere ishike gari, freni ipumzike. Na kama hujui lini maji yalibadilishwa, hesabu kwamba hayakubadilishwa.

RAV4 nyingi za kizazi cha pili zina nguvu magurudumu yote ine muda wote. Gari ya namna hiyo haifai kupimwa kwenye mashine inayozungusha magurudumu mawili tu. Mkaguzi wa Uingereza anaipima akiitembeza, na chombo kidogo ndani chenye kupima namna inavyosimama. Inatufundisha jambo lingine: gari hiyo haipendi mapine yasiyolingana. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, magurudumu yanazunguka kwa mwendo tofauti, na kile kifaa cha katikati chenye kugawa nguvu kinapata moto bure, kilometa baada ya kilometa. Badilisha yote ine pamoja kama mkono unaweza. Kina cha chini cha mistari ya pine ni milimita 1.6, Uingereza na Ulaya yote. Kwenye matope ya Walikale hiyo 1.6 ni sawa na kutembea na kandambili.

Neno kidogo pembeni: si kila RAV4 ina nguvu magurudumu ine. Tazama kibati cha shasi. ACA21W na ACA31W ni za magurudumu ine. ACA36W, na zile za motere ndogo ya 1.8 zinazoanza na ZCA, ni za mawili. Watu wamelipa bei ya gari ya ine wakapewa ya mawili, wakagundua siku walipokwama kwenye mupando.

Eshapema, kioo cha mbele, harufu ya moshi: vinaangusha pia, lakini tusikae hapo. Angalia tu kama katalizere bado ipo, maana ina madini ya bei na inang'olewa na kuuzwa. Na kama kioo cha mbele kina mupasuko mbele ya macho ya shofere.

Kile mkaguzi hakioni

Sasa tuje kwenye sehemu yenye inanisumbua mimi mwenye kuandika. Gari inaweza kupita kila kipimo tulichotaja na bado iwe na hatari kubwa ndani, kwa sababu mkaguzi hafungui kitu.

Ya kwanza ni erbagi, ule mfuko wa hewa wenye kufunguka wakati wa kugongana. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ambayo kile kinachoifyatua, kikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, kinaharibika. Ajali ikitokea, chuma chake kinapasuka na vipande vinaruka kama risasi kuelekea uso. Watu wamekufa kwa hiyo, hata kwenye ajali ndogo. Zaidi ya mifuko milioni 100 iliitwa irudi duniani, na baadhi ya RAV4 za 2003 hadi 2005 zimo. Japani, tangu Mei 2018, gari zenye mifuko ya hatari zaidi yenye haijabadilishwa hazipiti tena ukaguzi wao, ule wanauita shaken. Lakini zilizotoka kabla ya hapo zilitoka. Na joto na unyevu, nani anavyo kama Uvira na Kalemie?

Ya pili ni mikanda ya nyuma. Februari 2016 Toyota iliita karibu gari milioni 2.9 duniani, RAV4 za kizazi cha tatu pamoja na ndugu yake Vanguard. Ilionekana kwamba kwenye mugongano mkubwa, chuma cha kiti cha nyuma kinaweza kukata mkanda. Dawa ilikuwa kifuniko cha plastiki juu ya kile chuma, kazi ndogo. Mkaguzi akivuta mkanda anakuta mzima, anaandika "sawa". Nyuma ndipo watoto wanakaa.

Kujua kama gari yako imo si kazi ngumu. Toyota ina kurasa kwenye intaneti ambamo unaingiza namba ya shasi. Kwa gari ya Japani tumia ukurasa wa Toyota ya Japani, si wa Marekani, maana namba zao hazifanani.

Ya tatu ni motere yenyewe. Kontrole tekniki haisemi kitu juu ya motere zaidi ya moshi na mafuta yanayodondoka. RAV4 za Japani za kizazi cha pili, zile ACA21W, nyingi zina motere ya D-4, yenye inapuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya nguvu nyingi. Ni motere nzuri kwa esansi safi. Kwa esansi ya bidoni, yenye imechanganywa tusijue na nini, inaanza kukohoa. Kizazi cha kwanza, kile cha motere ya 3S, kina kurua ya distribusioni ambayo inabadilishwa karibu kila kilometa 100,000. Mkaguzi hawezi kuiona, na muuzaji atakuambia imebadilishwa jana.

Kabla ya kutoa feza

Wauzaji wengi wana gari zimepita Mombasa ama Dar es Salaam, zikaingia kwa Kasindi, Bunagana ama njia ya Rwanda na Burundi. Uliza ilitoka inchi gani mwanzoni, kabla ya bandari. Kama ni Uingereza na bado unaweza kupata namba yake ya pleti ya kule, una bahati: serikali yao inaruhusu mtu yeyote kuangalia bure kwenye intaneti kila ukaguzi gari ilipita tangu 2005, makosa yaliyokutwa, maonyo, na kilometa za kila mwaka. Wao wanahesabu kwa maili; zidisha kwa 1.6. Kama mwaka 2019 iliandikwa maili 130,000 na leo dashibodi inaonyesha kilometa 90,000, huhitaji kubishana na mtu. Soma sana maonyo ya mwaka wa mwisho. Mara nyingi ni yale mwenye gari alikataa kulipia, akaamua auze.

Kama ni Japani, omba karatasi ya kuondoa gari inchini mwao. Imeandikwa Kijapani, lakini namba ni namba: namba ya shasi na kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wao. Shaken inafanywa gari mpya ikiwa na miaka 3, kisha kila miaka 2, na inagharimu sana; ni sababu moja kubwa ya Wajapani kuuza gari zingali na uhai. Ikiwa gari ilipita kwenye mnada, kuna pia karatasi ya mnada yenye kupewa alama. Ukiona herufi R ama RA mahali pa alama, jua gari iligongwa ikatengenezwa.

Halafu chukua fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe siku yake, hata asipokuta kitu. Muende mahali penye shimo ama penye kriki mbili, gari ikiwa imepoa, motere isiwe imewashwa mapema na muuzaji. Fundi atikise magurudumu yote, asukume mikono ya nyuma kwa chuma, agonge mahali pa kutu, atazame plaketi, avute freni ya mkono kwenye mupando na kuachia mguu. Wewe ukae ndani uzime na kuwasha: taa ya erbagi iwake, kisha izimike yenyewe. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa balbu ili usiione. Usiku mkirudi, simamisha gari mbele ya ukuta, washa taa fupi, tazama upande gani mwanga unapanda.

Vyote hivyo ni kazi ya asubuyi moja na nusu ya jioni. Fundi akikuta rotile na silenbloki zimekwisha, si lazima ukimbie. Vipande vya RAV4 vinapatikana miji yote mikubwa ya mashariki, piga hesabu na ushushe bei. Kutu mahali pa kushikilia sispansioni, chuma cha shasi kilichokunjwa na kunyooshwa, kilometa zenye zinarudi nyuma: hapo funga mfuko. Na muuzaji akikataa gari isiende kwenye shimo, mwachie namba yako ya simu na uondoke. Mara nyingi anapigaka kabla ya jioni.